Somo la Alhamisi: Barth na Bultmann juu ya ufufuo

Wapendwa,

Alhamisi tutasoma 1 Wakorintho 15:3–8. Ninawaomba mkisome kifungu hiki polepole, hasa mstari wa 6, ambapo Paulo anataja ndugu zaidi ya 500 waliotokewa na Kristo, kisha anaongeza kwamba wengi wao wangali hai. Kwa nini aliongeza maneno hayo? Rudolf Bultmann, mwanatheolojia Mjerumani ambaye mwaka 1941 alitoa mhadhara mashuhuri kuhusu Agano Jipya na visasili, aliona kwamba hapo Paulo anajaribu kuuthibitisha ufufuo kama tukio la kihistoria, na kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa imani huzaliwa na neno linalohubiriwa. Karl Barth, mwanatheolojia Mswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu sura hiyohiyo, alikana kwamba Paulo alikuwa akikusanya ushahidi wa aina hiyo. Hata hivyo, baadaye Barth alisisitiza kwamba Kristo alifufuka kweli, kwa mwili.

Mimi naegemea kwa Barth, ingawa swali la Bultmann halijaacha kunisumbua, na ndiyo maana sitaki tulipite haraka. Tusimwite yeyote kati yao mzushi kabla ya kumsikiliza. Kila mmoja aje na swali moja aliloliandika.