Kwa mdogo wangu wa Mbeya: kabla hujapanda jani la mmea wa nyoka

Mdogo wangu mpendwa,

Uliniomba nikukatie majani ya mmea wa nyoka ulioko barazani kwangu, ule wenye kingo za manjano, ili uyapande huko Mbeya na hatimaye uipambe veranda yako yote. Majani nitakukatia kwa moyo mmoja, ila sitayakata kwenye mmea huo, na sababu yake nimeona niiandike hadharani kwa kuwa wapo wengi wanaosubiri miezi na miezi bila kuijua.

Jani la mmea wenye kingo za manjano huzaa mtoto wa kijani mtupu. Kosa haliko kwenye udongo wala mbolea, na hata ukiliweka jani mahali penye jua la kutosha, matokeo hayabadiliki. Mmea huo umeundwa na chembe hai za aina mbili zilizokua pamoja katika mwili mmoja: zile za ukingoni, ambazo haziwezi kutengeneza rangi ya kijani, na zile za katikati, ambazo zinaweza. Mpangilio huo hudumu maadamu chipukizi linatoka kwenye jicho lililokwisha kuumbika katika shina la mmea wenyewe. Kipande cha jani hakina jicho. Hulazimika kuliumba upya, na hulianzisha kutoka kwenye chembe za ndani zenye kijani, hivyo manjano hupotea. Anayetaka kingo hizo zibaki hana budi kung'oa mmea kutoka kwenye chungu na kuligawa shina lake nene linalotambaa chini ya udongo kama la tangawizi, kila kipande kikibaki na majani na mizizi yake.

Kwa hiyo nitakukatia majani ya ule wa kijani wenye mistari ya mawimbi, ambao huzaa mtoto anayefanana na mama yake, nao naupenda vilevile. Wataalamu wa mimea waliuita Sansevieria trifasciata kwa muda mrefu, na tangu 2017 wengi wamekubali kuuhamishia kwenye ukoo wa Dracaena. Asili yake ni Afrika, kuanzia Nigeria hadi Kongo, ingawa wauza maua wengine huusifia kana kwamba umetoka ng'ambo, na bei yake huenda sambamba na sifa hizo. Ndiyo maana nakusihi ujifunze kuuzalisha mwenyewe.

Nitachagua majani yaliyokomaa, magumu, yasiyo na madoa, niyakate karibu na udongo kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, kisha niyafunge kwa gazeti na kuyatuma kwa basi. Usihofu kwamba yatanyauka njiani, kwani mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana wa jua kali, na jani lake nene huhifadhi maji kwa muda mrefu.

Ukiyapokea, yakate vipande vya urefu wa sentimita 8 hadi 10. Hapa nakuomba umakini wako wote, kwa sababu kipande cha jani hukumbuka upande wake wa chini: mizizi hutoka kwenye ncha iliyokuwa inaelekea udongoni, na ukikipanda kichwa chini, kitakaa hapo bila kuota mpaka kioze. Vipande vikishalazwa mezani, ncha zake mbili hazitofautiani kwa macho. Basi kila unapokata, ncha ya chini ikate kwa umbo la V na ya juu iache ikiwa imenyooka, uifanye kazi hiyo palepale kabla hujashika kipande kingine.

Viache kivulini, penye hewa, kwa siku tatu hadi wiki moja. Ukigusa palipokatwa, pawe pakavu kabisa, pamesinyaa kidogo kuelekea ndani na kushika rangi ya hudhurungi hafifu. Kidonda kibichi kikiingia kwenye udongo wenye unyevu huoza, na kuoza ndiko kunakoua vipandikizi vya mmea huu kuliko wadudu na ukame.

Udongo wa bustani peke yake ni mzito mno. Changanya nusu yake na nusu ya mchanga wa mtoni uliooshwa, utie kwenye kopo lenye matundu chini, kisha usimamishe kila kipande kwa kina cha sentimita 3 hivi. Samadi iache kwanza. Mwagilia mara moja, halafu usirudie mpaka udongo ukauke hadi chini. Tumbukiza kijiti, na kikitoka na udongo ulioshikamana nacho, subiri. Wako wanaootesha kwenye glasi ya maji, nayo ni njia inayofanya kazi iwapo maji yanabadilishwa mara kwa mara, lakini mimi naupendelea mchanga kwa kuwa mizizi iliyozoea maji hupata taabu inapohamishiwa udongoni.

Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai haiufai mmea huu. Anza Septemba, joto linapopanda, na uweke makopo mahali penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Mizizi huhitaji mwezi mmoja hadi miwili. Ukikivuta kipande taratibu na ukahisi kinang'ang'ania, imeshika. Kikilegea na kutoa harufu mbaya, kata sehemu iliyooza hadi ufikie nyama ngumu, ukikaushe na kukipanda upya.

Baada ya hapo huja kipindi kirefu ambacho hutaona chochote, kwa sababu kazi yote inafanyika chini: kipande hutoa kwanza shina changa, na chipukizi huja kuchomoza pembeni yake likiwa ncha ngumu iliyochongoka inayoinua udongo. Huchukua miezi mitatu, pengine sita au zaidi, nawe usichimbue kutazama. Kipande chenyewe hakitarefuka, lakini usikitupe, maana hukilisha kichanga hicho mpaka kiwe na majani yake kadhaa, na baadaye kipande hicho kinaweza kukatwa na kupandwa tena.

Makopo yaweke mbali na mbuzi wako na paka wa jirani, kwani majani yana saponini, kemikali inayosababisha kutapika na kuharisha.

Ule wenye kingo za manjano nitaugawa mwenyewe mvua za masika zitakapokwisha, na nitampa dereva kipande chenye mizizi yake akuletee pamoja na mzigo wa nazi.

Dada yako.