Kumwambia mgonjwa "acha kuwaza chakula" hakumsaidii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huachwa kando kila matatizo ya ulaji yanapojadiliwa. Mjadala huanzia kwenye chakula na uzito, ukaishia papo hapo, kana kwamba mwenye anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) au bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kutafuta njia nyingine ya kukifidia chakula hicho) anasumbuliwa na sahani na mizani tu. Ukweli ni kwamba mtu huyu hushinda na kukesha na fikra zake, na namna anavyozichukulia fikra hizo ni sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Roz Shafran na wenzake walieleza hali ambamo mgonjwa hushindwa kutenganisha fikra na umbo la mwili wake. Akiwaza tu kula kile alichojikataza, huhisi amenenepa, huamini kuwa uwezekano wa kunenepa umeongezeka, na hujihukumu kama mtu aliyekwisha kula. Hajatia kitu kinywani, lakini yuko tayari kujinyima mlo unaofuata au kurudi tena kwenye mizani ili kulipia kosa ambalo halikutendeka. Wanaomtazama kwa nje huona ukaidi, nami naona si haki kumwita mkaidi mtu anayeadhibiwa na wazo.

Upo pia mgongano unaostahili kuangaliwa kwa makini. Hojaji ya maswali 30 iliyochapishwa na Adrian Wells na Sam Cartwright-Hatton mwaka 2004 hupima imani ambazo mtu anazo juu ya fikra zake mwenyewe, na tafiti zilizoitumia zimeonyesha kwamba wenye matatizo ya ulaji kwa kawaida huzishikilia imani hizo kwa nguvu kuliko watu wengine. Mgonjwa anaweza kuamini kuwa wasiwasi juu ya uzito ndio unaomlinda, kwamba akiacha kuhofu atapoteza nidhamu yote, na wakati huohuo akaamini kuwa wasiwasi huo haudhibitiki na utamharibia akili. Kwa hiyo anaogopa kuuacha, na anaogopa kubaki nao.

Njaa nayo huongeza utata. Katika jaribio lililoongozwa na Ancel Keys huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa takriban miezi sita, na wengi wao wakawa hawawazi wala kuzungumza mengine ila chakula. Baadhi walifikia kusoma vitabu vya mapishi kwa shauku. Fikra zile zilitokana na mwili uliopungukiwa. Mwenye anoreksia anapopatwa na fikra hizohizo huzisoma kuwa ushahidi wa ulafi wake, akazidi kujinyima, na kadiri anavyojinyima ndivyo zinavyomwandama zaidi.

Ndiyo maana ushauri wa "acha kuwaza hivyo", ambao jamaa huutoa kwa mapenzi kabisa, humthibitishia mgonjwa kile anachokiamini tayari: kwamba wazo ni kitu cha hatari kinachopaswa kuzimwa. Lingefaa zaidi swali la upole, kama vile, "Wazo hilo likikujia, unaamini litakufanya nini?" Sisemi kwamba mazungumzo yachukue nafasi ya lishe na daktari, anoreksia huua, na mwili uliodhoofika unahitaji tiba bila kuchelewa. Ninachosema ni kwamba uzito unaweza kurudi huku imani hizi zikiwa bado mahali pake, na mgonjwa akahesabiwa amepona kabla ya wakati.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba makala zijazo juu ya matatizo haya ziache kutaja kilo za wagonjwa na kuonyesha picha za miili iliyokonda, ambazo wagonjwa wengine huzitumia kujilinganisha, na badala yake ziwaulize waliopona walikuwa wakiamini nini juu ya fikra zao, na ni nini kilichowawezesha kuziacha zipite.

Msomaji wako