Barua ya malalamiko: oveni inayokata moto katikati ya kuoka na dhamana mliyoikataa

Bombo, Wilaya ya Luwero

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: OVENI YA KABATINI INAYOONYESHA F3, NA KUKATALIWA KWA DHAMANA

Nimepokea barua pepe ya idara yako inayosema oveni niliyonunua kwenu imeharibiwa na umeme usiotulia, na kwa hiyo dhamana ya miaka 2 haihusiki. Sikubaliani na uamuzi huo. Aliyeutoa hakuifungua oveni yenyewe, na vipimo vilivyochukuliwa baadaye vinaonyesha jambo jingine kabisa.

Oveni ikiwa baridi haina neno. Naiwasha, naweka nyuzi 180, inapanda vizuri na kulia kwamba iko tayari. Keki inaingia. Ikipita nusu saa hivi, inaanza kulia mfululizo, F3 inatokea kwenye kioo na moto unakata. Kijitabu chenu kinaeleza kwamba F3 ni hitilafu kwenye saketi ya sensa ya joto. Nikiiacha ipoe, maandishi yanafutika na inawaka tena vizuri. Mimi kuoka ndiyo kazi yangu. Keki ikishaumuka na katikati bado haijashika, moto ukikata inabonyea, na haiokoleki tena. Ya harusi ilinitoka hivyo, kingo zimeshika rangi na katikati ni uji mtupu, ikabidi nikaombe oveni kwa jirani usiku huohuo ili watu wa watu wasiaibike.

Fundi wenu alipokuja alibadilisha sensa bila kuipima ile ya zamani. Akawasha dakika chache, akaona inapata moto, akanisainisha karatasi akaondoka. Jioni F3 ikarudi. Nilipopiga simu niliambiwa nizime swichi kuu, nisubiri kidogo, niwashe tena. Ni kweli ilifutika, lakini oveni ilikuwa imekwisha kupoa, na ikipoa hufutika yenyewe.

Ndipo nikamwita fundi wa hapa Bombo, naye akaanza na mita ya kupimia umeme kabla ya kugusa kifaa chochote. Sensa ya aina hii husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1,000 kwenye nyuzi 0, na huongezeka kwa karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja. Jikoni, oveni ikiwa baridi, sensa mpya ilisoma karibu 1,100. Ile ya zamani, ambayo niliitunza, ilisoma vilevile. Kwa hiyo mliondoa sensa nzima mkaweka nzima nyingine. Kisha akaiacha oveni ifanye kazi hadi F3 ilipotokea, akazima umeme, akachomoa plagi ya sensa kwenye bodi ya umeme inayoongoza oveni na kuipima sensa ingali ya moto: zaidi kidogo ya omu 1,650, jambo linalolingana na joto lililokuwemo. Sensa ilikuwa inatoa kipimo sahihi. Hitilafu iko kwenye bodi.

Sababu yake tuliiona baada ya hapo. Juu ya oveni hizi, nyuma ya paneli ya vitufe, kuna feni ndogo ya kupoza bodi, na upepo wake hutokea kwenye mwanya ulio kati ya paneli na mlango. Fundi aliweka kiganja pale oveni ikiwa kwenye nyuzi 180. Hapakuwa na upepo wowote. Feni ya ndani, ile ya kusambaza joto, inazunguka na kuvuma, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani zote ni nzima. Alipofungua kifuniko, plastiki ya tundu la plagi ya sensa ilikuwa imegeuka kahawia, na kilehemu kimoja, yaani tone la risasi linaloshikilia pini kwenye bodi, kina ufa unaoizunguka pini, mwembamba kama unywele. Bodi ikipata moto ufa unaachia, ikipoa unagusa. Picha nimeziambatisha pamoja na nakala ya risiti.

Sasa kuhusu umeme. Umeme wa kwetu hukatika, sikatai. Lakini umeme mkubwa ukiipiga bodi huacha alama: fyuzi hukatika, varista (kifaa kidogo cha kuikinga bodi na umeme mkubwa) hupasuka au kuungua. Hapa fyuzi ni nzima na varista haina doa. Oveni inapita kwenye stebilaiza mliyoniuzia nyinyi wenyewe, imo kwenye risiti hiyohiyo, na mita ilisoma kati ya volti 229 na 238 oveni ikiwa kazini. Haiwezekani umeme uwe mbaya kila baada ya nusu saa ya kuoka, halafu upone oveni ikipoa.

Msije mkasema pia kwamba dhamana imevunjika kwa kuwa fundi wa nje ameifungua. Mlikataa kwanza, na ndiyo maana nikatafuta fundi mwingine. Hajabadilisha wala kulehemu kitu.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi kilichonunuliwa kuifanya. Oveni isiyoweza kumaliza keki moja haifai kuoka.

Ninachotaka ni mbadilishe feni ya juu na bodi, vyote viwili, bila malipo. Kulehemu upya peke yake sitakubali, kwa sababu feni isipozunguka kilehemu kipya nacho kitapasuka. Kisha oveni ijaribiwe hapa kwangu kwa saa nzima kwenye nyuzi 180, paneli ikiwa imefungwa, nami nikishuhudia. Ikishindwa, nirudishiwe fedha zangu zote. Nawaomba pia mkague feni za oveni nyingine za aina hii mlizo nazo dukani kabla hazijafika kwa mtu anayezitegemea kupata riziki.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako,
Mteja wenu, mwokaji wa keki,
Bombo.