Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: makohozi yatangulie dawa

Mheshimiwa Waziri,

Chanjo ya BCG ilianza kutumika mwaka 1921. Inawakinga watoto wadogo na kifua kikuu kinachoshambulia ubongo, lakini mtu mzima haimkingi vya kutosha na kile cha mapafu, na yeye ndiye anayekohoa na kuambukiza wengine. Ndiyo maana tunahangaikia chanjo mpya.

Iliyofika mbali ni M72/AS01E, dozi 2 zinazopishana mwezi mmoja. Matokeo ya jaribio lililofanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini yalitoka mwaka 2019. Katika watu 3,289 waliohesabiwa baada ya miaka 3, waliochanjwa waliugua 13, na waliochomwa sindano isiyo na chanjo waliugua 26. Tazama vizuri hapo, Mheshimiwa: hukumu nzima ilisimama juu ya wagonjwa 39. Kupoteza wanne au watano tu, yaani kushindwa kuthibitisha ugonjwa wao maabara, kunatosha kuipaka matope chanjo nzuri.

Na kuwapoteza ni rahisi mno. Mshiriki anaanza kukohoa, anakwenda zahanati ya jirani, anapewa dawa siku hiyohiyo. Akitufikia wiki mbili baadaye, huenda bakteria wasiote tena maabara. Kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, hakituokoi, kwani hakitofautishi bakteria hai na mfu.

Joto nalo linatuangusha. Kikopo cha makohozi kikishinda juani, vijidudu vya mdomoni vinazaana na kuwafunika wa kifua kikuu, ambao hugawanyika mara moja tu kwa karibu siku nzima. Tunasafisha makohozi kwa sodiamu haidroksaidi dakika 15 hadi 20. Tukizidisha, tunaua na wale tunaowatafuta.

Tunaomba agizo lako kwa zahanati zote za maeneo ya utafiti. Kila anayeshukiwa atoe vikopo 2 kabla ya kidonge cha kwanza, mililita 3 hadi 5 kila kimoja, kohozi zito la kifuani, si mate. Vikae kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 na vifike maabara ndani ya siku 3. Aliyezidiwa asicheleweshwe hata kidogo: atoe anachoweza, kisha ameze dawa palepale.

Fungu la mafuta ya pikipiki zinazobeba vikopo hivyo lisiguswe. Jaribio kubwa la chanjo hii lililoanza mwaka 2024 limepangiwa watu hadi 20,000, na pikipiki hizo zitahitajika hadi mshiriki wa mwisho amalize kufuatiliwa.

Sisi, wataalamu wa maabara ya kifua kikuu