Salamu za Pasaka kwa Waliopepetwa Mwaka Huu

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli.

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki. Na kwa Wakatoliki wetu, Tumsifu Yesu Kristo. Tunawatakia nyote heri na baraka za Sikukuu ya Pasaka, afya njema, amani ya nyumba na riziki ya halali. Wazee wetu, shikamooni. Mlio barabarani, Mungu awafikishe salama. Mlio zamu wodini na mageti mnakolinda, sikukuu iwafuate hukohuko. Wagonjwa na wafiwa, tuliwataja kwenye mkesha.

Heri hizi ni za kila mwaka na tunazitoa kwa moyo, ila safari hii zinatoka kwa shida kidogo. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, nauli za sikukuu tusizitaje. Ziko nyumba zinazokula ugali na dagaa leo, na ni Pasaka kamili. Ziko nyumba zilizopungua sahani moja. Ungo wa mama bado umetundikwa jikoni. Tangu Novemba hakuna aliyeushusha.

Ungo huo ndio umetukwamisha kwenye Luka 22. Mezani, usiku wa Alhamisi Kuu, Yesu anamwambia Simoni Petro kwamba Shetani amewataka wanafunzi apate kuwapepeta kama ngano. Angalieni maneno: waliotakiwa ni “ninyi”, wote, anayeombewa ni “wewe”, mmoja. Na kilichoombwa si kwamba ungo uwekwe chini. Kilichoombwa ni imani yake isitindike, yaani isiishe.

Anayejua kupepeta ataelewa. Ungo unashikwa kwa mikono miwili, unainamishwa kidogo mbele, mchele unarushwa na kudakwa, unarushwa na kudakwa. Pumba zinapeperuka kwa sababu ni nyepesi. Punje inarudi ungoni kwa uzito wake. Haina kazi nyingine zaidi ya kurudi. Chenga hujikusanya kando, nazo hazitupwi, ni za uji na vitumbua. Aliyevunjika mwaka huu asijihesabu pumba. Vijiwe ndivyo vyenye taabu. Kijiwe kina uzito, kinarudi pamoja na punje, upepeto hata wa saa nzima haukitoi. Kinatolewa kwa jicho na kidole, kimoja kimoja. Ndiyo maana mtu anapita kwenye msiba, njaa na ugonjwa, anatoka huko bado ana kinyongo kilekile na ndugu yake wa tumbo moja. Shida haitakasi kila kitu yenyewe. Kinyongo kinatajwa kwa jina, kwa toba au kwenye kitubio, la sivyo utakitafuna kwenye wali.

Lugha yetu nayo inatuponza hapa. Kwenye Baba Yetu wengine husali “usitutie majaribuni”, wengine “usitutie katika kishawishi”, na neno “majaribu” tumelibebesha mizigo miwili. Yakobo anaitenganisha ndani ya sura moja, ile ya 1: mstari wa 3 kujaribiwa kwa imani huleta saburi, mstari wa 13 Mungu hamjaribu mtu kwa maovu. Tukio linaweza kuwa moja, nia mbili. Shetani anapepeta akitaka punje imwagike, Mungu anaruhusu kurushwa kule ili pumba ziondoke. Na lipo fungu la tatu tusilopenda kulitaja: shida tuliyojipikia wenyewe. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uliochukuliwa kwa ajili ya nguo za sikukuu si jaribu la Ayubu. Ni deni. Lina tarehe, lina riba, linahitaji kukaa na anayekudai na kupanga marejesho, pamoja na maombi.

Petro hakuangukia kwenye jogoo. Jogoo alitangaza tu. Kwanza alijisifu kwamba yuko tayari kwenda gerezani na kufa. Kisha, pale Gethsemani alipoagizwa kukesha, akalala. Kisha akachomoa upanga na kumkata Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, sikio, bidii isiyo na maombi. Kisha akafuata kwa mbali. Kisha akaota moto wa makaa pamoja na waliomkamata Bwana wake. Alipofika hapo, kijakazi mmoja alitosha kumfanya amkane Yesu. Imani nyingi zinatindika kwa mpangilio huohuo: sala inakatwa kwanza, jumuiya au ibada ya nyumbani inafuata, simu za mzee wa kanisa hazipokelewi, na mwishowe tunasema jaribu lilikuwa zito mno.

Basi wapendwa, tusikilizane. Ukihisi Mungu amekuacha, kabla hujatangaza hivyo, lala na ule. Eliya aliyeomba afe alipewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu. Mwenye sukari au presha asiache dawa kwa jina la imani, na asifunge bila kuzungumza na daktari. Usinunue maji wala mafuta ya upako kwa hela ya ada ya mtoto. Kisichouzwa hakina bei. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua umweleze yote, si kundi zima la WhatsApp.

Na shikeni jambo moja la kufanya. Toka leo hadi Pentekoste ni siku 50, zaburi ni 150: tatu kwa siku, asubuhi, mchana, jioni, kwa sauti hata ya chini. Jumapili ijayo, ya Tomaso, mtakutana na 22, “Mungu wangu, mbona umeniacha”, na siku hiyohiyo 23 ya Mchungaji. Siku ya 30 mtaikuta 88, inayoishia gizani bila faraja yoyote, nayo imo katika Maandiko Matakatifu. Alhamisi ya Kupaa Bwana itawapa 119 yenye mistari 176, hiyo igawanyeni. Ukiruka siku, usilipize zaburi zilizopita kwa mkupuo, maana utachoka Jumanne na kuacha Jumatano. Anza palipo na tarehe ya leo.

Yule aliyepepetwa aliagizwa, akiisha kuongoka, awaimarishe ndugu zake. Kwa hiyo kesho, Jumatatu ya Pasaka, bakizeni pilau, au chochote kilichopikwa, mumpelekee jirani aliyefiwa mwaka huu. Msimuulize imani yake inaendeleaje. Pale ziwani, baada ya kufufuka, Bwana aliwasha makaa, akawaalika wanafunzi wafungue kinywa, na maswali matatu kwa Petro, “wanipenda?”, yalikuja walipokwisha kula. Mfungulieni hotpoti, mkae naye.

Pasaka njema.