Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: tupeni maneno ya kuwaambia watoto

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MANENO YA KUMWAMBIA MTOTO WA MIAKA SITA KUHUSU SIMU

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Tanga, na ni mama wa watoto wawili. Barua hii ningeweza kuitia kwenye bahasha ikaja Dodoma kimya kimya, lakini nimeona niiandike hadharani ili wazazi wenzangu nao waisome, maana yaliyonipata mimi najua yanawapata wengi, na wengi wanaona haya kuyasema.

Ilikuwa Jumapili, adhuhuri imeshapita. Nilikuwa jikoni nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Simu iko sebuleni kwenye chaji, na kijana wangu wa miaka sita yuko mkekani anatazama katuni. Simu ikaita, akapokea. Nikamsikia akisema "Shikamoo", nikafurahi kwamba mtoto ana adabu, nikaendelea kukuna. Nikamsikia akitaja jina lake, jina langu, shule anayosoma, na kwamba huwa anarudi na bajaji ya jirani. Hapo bado sikushtuka, nilidhani ni shangazi yake. Kilichoniinua ni sauti yake akisoma: "Nane... nne... sifuri... moja..." Polepole, anafuata kila tarakimu kwa kidole, vile vile ninavyowafundisha darasani. Nilipofika mlangoni ilikuwa imebaki moja, akaitamka kwa fahari: "Tisa!"

Zile ndizo tarakimu sita ambazo WhatsApp huzituma kwa meseji mtu anapotaka kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Tui halijachujwa, akaunti yangu ikawa mikononi mwa mtu nisiyemjua, na watu wangu wanapokea ujumbe kwa jina langu: "Samahani, nina dharura, niazime elfu hamsini, nakurudishia jioni." Wawili walituma. Mmoja wao ni mjane ambaye pesa ile ilikuwa ya mtaji wa maandazi.

Nikamchapa mtoto. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko pesa. Wiki mbili baadaye simu iliita tena kwa namba ngeni, na mtoto akaiacha ikaita, akaenda kujificha uvunguni mwa kitanda. Nilipomtoa alikuwa anatetemeka. Nilichokuwa nimemfundisha kwa fimbo ni kwamba simu ikileta jambo baya, mtu wa kumwogopa ni mama.

Tangu siku ile nimetafuta mtoto alikosea wapi, na sijapaona. Aliamkia mkubwa. Alipoulizwa alijibu. Alipoagizwa asome, alisoma, tena bila kukosea. Yote hayo tumemfundisha sisi, nyumbani na shuleni, na tulimpigia makofi kila alipoyafanya. Yule mtu wa kwenye simu hakuhitaji ujanja mkubwa. Alitumia malezi yetu mema.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, najua nchi haijakaa bure. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yako ilizinduliwa na Rais Aprili 2024. Nimeisoma sheria hiyo. Imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na zile za vinasaba na alama za mwili, na taarifa nyeti kwa kawaida hazichakatwi, yaani hazikusanywi wala kutumiwa, bila ridhaa ya maandishi. Nilipofika hapo nilishukuru. Lakini sheria inazungumza na anayekusanya taarifa: benki, kampuni ya simu, hospitali, shule. Mtoto aliyeko mkekani hakuna anayezungumza naye isipokuwa sisi wazazi, na sisi hatuna maneno.

Hicho ndicho ninachokuomba: maneno. Sentensi fupi za Kiswahili cha nyumbani, zinazoingia kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitano, na ambazo bibi asiyejua kusoma anaweza kuzirudia.

Nitakueleza kwa nini si jambo dogo. Baada ya mkasa wangu niliomba muda kwenye kikao cha wazazi. Mama mmoja anayeuza samaki alisema simu yake asubuhi ni ya biashara, jioni ni ya watoto, na hajui kinachofanyika humo. Mzee mmoja, babu wa mtoto wangu wa darasani, akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alisema: "Mwalimu, sisi mtoto akipita tunamuuliza, wewe mtoto wa nani? Akijibu, tunajua pa kumrudisha akipotea. Sasa unataka nimfundishe asitaje jina la baba yake? Si nitakuwa nimemfundisha kuukana ukoo?"

Mzee yule alikuwa na haki. Swali la "mtoto wa nani" limewalinda watoto wa pwani hii miaka mingi. Ila anayeliuliza mtaani ana uso, ana nyumba, na mtoto akirudi atasema "kule kwa babu fulani wameniuliza". Anayeliuliza kwenye simu hana uso. Tofauti hiyo mtoto anaielewa ukimwonyesha, nimejaribu. Jirani tunamjibu kwa sababu tunamwona na yeye anatuona. Sauti tusiyoiona tunaiambia: "Subiri, namwita mama."

Hiyo sentensi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ndiyo imenisaidia kuliko zote. "Shikamoo. Subiri, namwita mama." Haina utovu wa adabu. Mtoto hamkatalii mkubwa, jambo ambalo tumemkataza tangu anajua kusema. Anampeleka mkubwa kwa mkubwa mwenzake. Kumwambia mtoto wa Kiswahili "kataa" hakutoshi, maana hajawahi kuruhusiwa kumkatalia mtu mzima. Darasani tunalicheza kama mchezo: mmoja anashika kiberiti kitupu kama simu, anauliza jina, anauliza shule, anaahidi pipi, na mwenzake anajibu kila swali kwa sentensi ile ile moja. Wanacheka mpaka wanaanguka. Lakini wameishika.

Kuna neno jingine ambalo limetuponza, nalo ni "siri". Tumezoea kumwambia mtoto namba ya siri ni siri, usimwambie mtu. Sasa yule mtu wa simu, mwanangu alikuja kunisimulia baadaye, alimwambia: "Usimwambie mama, ni siri yetu, namletea zawadi." Mtoto akaitunza, kama alivyofundishwa kutunza siri. Na wizi wa akaunti ni afadhali. Wanaowadhuru watoto miili yao huanzia kwenye maneno hayo hayo, siri yetu mimi na wewe. Utafiti wa UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono, uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, kati ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Walikadiriwa kufika 200,000. Utafiti ule ulianzia miaka 12. Wa kwangu wana mitano na sita, na tayari wanashika simu.

Kwa hiyo nyumbani kwangu na darasani kwangu sisemi tena siri. Neno la sheria ni faragha, ni neno zuri, lakini kwa mtoto ni geni. Nimelieleza hivi: chooni tunafunga mlango. Si siri kwamba umo chooni, kila mtu anajua. Hujafanya kosa. Lakini mlango unafungwa, kwa sababu hayo ni yako. Basi jina lako kamili, shule yako, njia unayopita, picha yako ya kuoga, namba zinazoingia kwenye simu ya mama, hayo nayo yana mlango. Tunasema "hiyo ni ya nyumbani". Na cha nyumbani mama anakijua, baba anakijua, bibi anakijua. Mtu akisema tumfiche mama jambo, hapo ndipo tunakimbia kumwambia mama.

Nimetumia pia hodi. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba huingii nyumba ya mtu bila hodi, na kwamba ukipiga hodi mara tatu usipoitikiwa unaondoka. Programu za simu nazo hubisha hodi. Gemu linaposimama na kuuliza kama liruhusiwe kutumia kamera, maikrofoni, au kujua mahali ulipo, hiyo ni hodi, na lile neno "Ruhusu" ndilo "karibu". Je, mtoto wa miaka sita akiwa peke yake nyumbani anamkaribisha mgeni asiyemjua? Haruhusiwi. Basi na hapo haruhusiwi, anamwita mkubwa. Mama muuza samaki aliposikia hivyo alisema, "Kumbe ndiyo maana yake? Mimi mwenyewe huwa nabonyeza tu ili liondoke."

Na sisi wakubwa tuna la kwetu. Msimu wa mahafali ya chekechea, pitia stetasi za wazazi na kurasa za shule. Utaona mtoto amevaa joho, jina lake kamili limeandikwa kwenye keki, umri wake kwenye puto, jina la shule kwenye bango nyuma yake. Hapo hakuna haja ya kumpigia mtoto simu kumuuliza chochote. Kenya wenzetu walifika mbali katika hili: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sitamani shule zetu zitozwe. Natamani kabla ya hapo kuwepo karatasi moja, inayojitegemea, isiyofichwa katikati ya fomu ya kujiunga, inayomuuliza mzazi kuhusu picha, yenye nafasi ya kusema hapana na mtoto akaendelea kupokewa vizuri. Tume ikitoa mfano wa karatasi hiyo, walimu wakuu wengi wataitumia bila kusukumwa. Wanaogopa kukosea na hawana cha kuiga.

Mimi sasa namuuliza mwanangu kabla ya kumposti. Mara ya kwanza alinitazama kama vile nimemtania. Mara ya pili alisema, "Hapana mama, nimeng'oka jino." Sikuiposti. Tangu siku hiyo yeye naye anakuja kuniuliza kabla ya kugusa simu yangu.

Sasa maneno haya yafike vipi? Hapa ndipo mimi mwalimu mmoja nafika mwisho wa uwezo wangu. Waraka wa kurasa arobaini kwenye tovuti hautamfikia muuza samaki. Kliniki ya watoto anaifika, ana kadi, anakaa kwenye benchi saa nzima akisubiri mtoto apimwe uzito. Redio anaisikiliza. Madrasa na shule ya Jumapili mtoto anakwenda. Kwa wakala wa simu anakwenda kila siku. Ukurasa mmoja wenye michoro, unaosomwa kwa sauti, ukibandikwa kwenye sehemu hizo, utafanya kazi. Uwe na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto kwa herufi kubwa, maana wazazi niliowauliza wengi hawakuwa wakijua kwamba ipo na kwamba ni bure.

Na naomba ukurasa huo usitutishe. Mzazi aliyetishwa humtisha mtoto, na mtoto aliyetishwa anaingia uvunguni. Mwambieni mzazi neno la kwanza la kusema mtoto anapokuja na habari mbaya ya simu. Mimi nililipata kwa kuchelewa. Ni "asante kwa kuniambia". Mengine yafuate baadaye, hata kama elfu hamsini zimeshakwenda.

Kikao chetu kijacho cha wazazi ni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe. Viti vya ziada huwa tunaazima msikitini na kanisani. Ukimtuma ofisa wako mmoja, tutamwekea kiti mbele, karibu na yule mzee mwenye swali la "mtoto wa nani". Ameniambia bado anataka kulijadili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa darasa la awali, Tanga