Msimbo wa QR haumezi kila kitu

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kauli inayosikika mara kwa mara, kwamba picha, video au hata kitabu kizima "kimo ndani" ya msimbo wa QR.

Msimbo huo, uliobuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, una saizi 40, kuanzia viraba (vile vidoa vya mraba, vyeusi na vyeupe) 21 kwa 21 hadi 177 kwa 177. Ule mkubwa kabisa, ukiwekewa kinga ndogo kabisa dhidi ya makosa, hubeba tarakimu 7,089 au baiti 2,953, basi. Kwa kuwa herufi ya Kilatini hutumia baiti moja, barua hii yote ingeenea humo, lakini picha ya simu yenye mamilioni ya baiti isingeingia. Mara nyingi kilichomo ni anwani ya intaneti tu. Picha yenyewe imekaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoitunza, nayo seva hiyo ikizimwa, msimbo husomeka vizuri bila kumfikisha msomaji popote.

Kinga niliyoitaja nayo hudai nafasi. Katika kiwango cha chini msimbo huweza kurejesha takribani asilimia 7 ya data iliyoharibika, na katika kiwango cha juu takribani asilimia 30, ila hapo uwezo wa msimbo mkubwa kabisa hushuka hadi baiti 1,273, na barua hii haienei tena. (Wanaopachika nembo katikati ya msimbo wajue kwamba wanaila kinga hiyohiyo.)

Linalonikera zaidi ni tabia ya kushindilia maneno. Data ikiongezeka, viraba huongezeka, na kwa kuwa nafasi kwenye karatasi ni ileile, kila kiraba hupungua ukubwa mpaka kamera ishindwe kukitofautisha na jirani yake. Tarakimu tatu hufungwa katika biti 10 (biti nane hufanya baiti moja) na herufi kubwa mbili katika biti 11, ilhali kila herufi ndogo hula biti 8 peke yake. Kwa hiyo hata uchaguzi wa herufi una uzito.

Nawaomba wasanifu wa kurasa zenu watumie anwani fupi, waache ukingo mweupe wenye upana wa viraba vinne kila upande, na waiandike anwani hiyo kwa maneno chini ya msimbo, kwa faida ya msomaji ambaye kamera yake imegoma.

Msomaji wenu